Inchi Moja na Nusu

Watu humdanganya mchungaji, humdanganya daktari, na wapo wanaojaribu kumdanganya hata Mungu, lakini hakuna anayeweza kumdanganya fundi cherehani. Ndivyo alivyoamini Mama Futi. Ukisimama mbele yake umeinua mikono, anajua kama umenenepa kwa raha au umekonda kwa mawazo, na anajua kama kuna mgeni njiani kabla mama mkwe hajanong'onezwa. Jina hilo walimpa kwa sababu futi ya kupimia ilikuwa haimtoki shingoni, hata kanisani. Wenye utani walisema siku ya mwisho atasimama mlangoni mwa mbinguni na kuwapima watu viuno.

Basi Jumatatu ile alipoizungusha futi kiunoni mwa binti yake na kusoma inchi ishirini na tisa, alisoma tena. Kisha akasoma mara ya tatu, pua ikikaribia kugusa gauni.

"Mama, unanitekenya," binti akasema.

"Simama sawa."

Ishirini na tisa. Aliandika kwenye daftari, akaweka kalamu, akasema haya, nenda kaendelee na shughuli zako.

Huyo binti, mtoto wake wa pekee, kwaya ilimpa jina la Kinanda kwa ajili ya sauti yake. Ameolewa. Mumewe alikuwa mbali kwenye ujenzi wa barabara, akija mwisho wa mwezi na kuondoka, na mpaka kazi hiyo iishe Kinanda aliishi kwa mama yake. Wiki nne nyuma, Mama Futi alipowapima wanakwaya wote ukumbini kwa ajili ya sare mpya, kiuno hicho kilikuwa thelathini. Mwaka jana kilikuwa ishirini na nane. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Siku ile alifurahi mpaka akaandika vipimo vya mwanakwaya mmoja kwenye ukurasa wa mwingine. Hakuuliza kitu. Mimba changa haiulizwi, husubiriwa. Akasubiri aambiwe, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na huku ameshaficha kitambaa cheupe laini chini ya mafungu ya bitana, cha kushonea vinguo vidogo.

Hakuambiwa. Ndipo Jumatatu akabuni kisingizio: njoo nikupime tena mgongo, niliruka. Ukweli alitaka kuiona namba ikiwa imepanda, ajifurahishe peke yake. Futi yake ya siku zote ilikuwa kwa Katibu wa kanisa, aliyeiazima tangu Jumapili kupimia mapazia ya madhabahu, kwa hiyo akaichukua ile ya zamani iliyoning'inia kwenye msumari juu ya cherehani, ya kitambaa, aliyoachiwa na bibi aliyemfundisha kazi. Na namba ilikuwa imeshuka.

Kiuno cha mwenye mimba hakirudi nyuma. Kikirudi, kuna kilichotoka.

Shaka ikishaingia nyumbani, kila kitu kinakuwa shahidi. Mama Futi alikumbuka kwamba Jumapili iliyopita, meza ya Bwana ilipoandaliwa, sahani ya mkate ilipita mbele ya Kinanda naye akainamisha kichwa bila kuinua mkono. "Tumbo linanisumbua," alisema walipotoka. Tumbo! Mama Futi alilipokea neno hilo wakati ule kwa tabasamu, akidhani anajua tumbo linasumbuliwa na nini. Sasa alilichukua upya, akaligeuza upande wa ndani, kama mtu anavyogeuza vazi kutafuta mshono ulioachia.

Jumanne alikuwa akitoka kununua vifungo akamwona Kinanda anatoka kwa Nesi. Nesi alikuwa mama mmoja mstaafu wa hospitali aliyekaa nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa kijani. Mchana watu walimsalimia vizuri. Wakishampita, walisema kwamba msichana huingia kwake akiwa wawili na kutoka akiwa mmoja. Hakuna aliyewahi kuthibitisha, lakini maneno hayangoji uthibitisho. Mama Futi alijibanza kwenye kibanda cha muuza ndoo, akamtazama mwanawe akishuka ngazi polepole, mkono kifuani, akisimama katikati kana kwamba amesahau kitu, kisha akiendelea.

"Umetoka wapi?" alimuuliza nyumbani, akikata uzi kwa meno.

"Dukani."

"Umenunua nini?"

"Nilichotaka hakikuwepo."

Uongo mwepesi, umenyooka, hauna hata kunyanzi. Mama Futi alisikia uchungu kuliko kama angetukanwa.

Jumatano alipekua mkoba. Tusimsingizie mapepo, alipekua mwenyewe, kwa mikono yake miwili, Kinanda akiwa anaoga. Akakuta vidonge kwenye karatasi ya kaki, vidogo, vyeupe, bila jina. Angeweza kwenda kuuliza duka la dawa, lakini muuza dawa ana mdomo. Akavirudisha. Na kutoka bafuni, katikati ya maji yanayochuruzika, akaisikia sauti aliyoizaa ikiongea kwenye simu kwa kunong'ona: "Hapana, mama hajui. Usimwambie chochote. Ndiyo. Nimeshaamua."

Nimeshaamua. Mama Futi alirudi kwenye cherehani akaketi. Alikanyaga pedali bila kitambaa, sindano ikapanda na kushuka bure.

Kilichomkaba si dhambi peke yake. Dhambi za watu alizizoea, alikuwa mzee wa kanisa mwaka wa tisa. Kilichomkaba ni Jumamosi. Baraza la wazee hukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na katika kanisa lao mtu akithibitika kuanguka, jina lake hutajwa barazani, anaondolewa kwenye meza ya Bwana, na anakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango mpaka atakaporudishwa. Miaka miwili nyuma lilitajwa jina la binti wa Fundi Viatu, msichana wa miaka kumi na tisa aliyetoa mimba. Aliyelitaja ni Mama Futi. Naye ndiye aliyesimama na kusema, "Mungu ametupa hiari, na hiari si ya kuchezea. Mtoto hakuomba kuja, lakini Mungu alishamjua."

Fundi Viatu mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, na siku hiyo alikuwepo. Aliuliza swali moja tu, akitazama mikono yake iliyojaa gundi. "Mnaniambia hakuna linalotokea bila mapenzi ya Mungu. Sasa hili lililotokea kwangu, limetokea bila yeye?"

"Mungu huruhusu asichokipenda," Mama Futi alimjibu papo hapo. "Usichanganye mambo." Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali, na yeye alirudi nyumbani akijisikia ametumika vizuri. Binti wa Fundi Viatu alikuwa bado yuko benchi la nyuma. Hakuna aliyekumbuka kumrudisha.

Sasa Mama Futi ataficha la kwake? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu? Alijiuliza hivyo akichemsha maji, akajiuliza tena akifagia vipande vya vitambaa. Na kila alipomwonea binti huruma, hasira ilimjia nyuma yake ikimsukuma. Huyu Kinanda alizaliwa mara mbili! Alipokuwa na miaka saba aliugua viungo na homa, ugonjwa ukashuka moyoni, madaktari wakasema atachomwa sindano kila mwezi mpaka awe mtu mzima. Akachomwa miaka mitano. Alipofika kumi na miwili akaombewa, na Mama Futi akasimama mbele ya kanisa kushuhudia kwamba Mungu ameuponya moyo wa mwanawe na sindano hazitakiwi tena. Ushuhuda huo kanisa zima lilikuwa linaujua, watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanauigiza. Mungu amempa mtu moyo mpya, na hii ndiyo shukrani?

Alhamisi alikwenda kwa Katibu kuchukua futi yake. Katibu alikuwa mwanamume mwembamba anayependa kujua mambo kabla ya wengine.

"Jumamosi uniwekee nafasi kwenye majina," Mama Futi alimwambia. "Nina jina."

Kalamu ya Katibu ikatoka mfukoni yenyewe. "La nani, mama?"

"Utalisikia pamoja na wenzako."

Alipokuwa anatoka alijua kwamba mpaka jioni nusu ya kanisa watakuwa wanabahatisha. Alijua pia kwamba wengi waliiona sahani ikimpita Kinanda. Alitembea haraka, futi shingoni, akiomba kimoyomoyo apewe nguvu. Hakusema nguvu za nini.

Ijumaa mchana sare ya Kinanda, aliyoikata kwa ile namba ya Jumatatu, ilikuwa tayari, ya mwisho kati ya ishirini na mbili. Gauni la buluu lenye zipu mgongoni na mshipi mpana. Mama Futi alikuwa amepanga kila kitu kama mpelelezi: atamvalisha, atamsimamisha mbele ya kioo, kiuno kitamkaa sawasawa, na hapo atamwambia, mwanangu, kiuno hiki kilikuwa thelathini. Kisha atanyamaza amwache aseme mwenyewe. Aliyekiri mwenyewe hupewa adhabu nyepesi.

"Vaa."

Kinanda akavaa. Mama Futi akashika zipu, akaivuta. Ikapanda mpaka chini kidogo ya kiuno ikagoma. Akaishusha, akaipandisha tena. Ikagoma palepale.

"Vuta pumzi."

"Nimevuta, mama. Linabana."

Miaka thelathini na moja kazini. Zipu ya Mama Futi haigomi. Alizunguka mbele, akarudi nyuma, akatia kidole kwenye uwazi ule, uliotosha vidole viwili na zaidi. Alichukua futi yake mpya kutoka shingoni, akaizungusha. Thelathini na nusu. Moyo ukamruka. Akaishusha ile ya zamani kutoka kwenye msumari, akaizungusha palepale. Ishirini na tisa.

Alizitandaza zote mbili juu ya meza ya kukatia, sambamba, vichwa vimelingana, akazivuta taratibu kwa viganja. Kufika thelathini na nusu ya futi mpya, ile ya zamani ilikuwa bado inasoma ishirini na tisa. Kwa miaka yote ile ya kuvutwa na kuviringishwa, ilikuwa imevutika, imelegea, inchi zake zimerefuka. Jambo la kwanza bibi yule alilomfundisha, kabla hata ya kutia uzi kwenye sindano, lilikuwa hili: kazi moja, futi moja. Usipime na hii ukakate na ile. Wanafunzi wake mwenyewe aliwapiga vidole kwa rula kwa kosa hilo.

"Yumo," alisema.

"Nani?"

"Yumo! Bado yumo!" Mama Futi alicheka, akajikuta analia, akamkumbatia mwanawe na gauni lake lisilofunga. "Kiuno hakikurudi. Ni futi! Ni hili jitambaa la zamani! Ee Mungu wangu, nami nimekuwa nikiwaza..."

Akaziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kinanda alijitoa kwenye mikono yake taratibu, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Ulikuwa ukiwaza nini, mama?"

Mama Futi aligeukia meza, akaanza kuzinyoosha futi.

"Ulidhani nimetoa."

"Nilikuona kwa Nesi."

"Nesi alifanya kazi wodi ya moyo miaka ishirini. Ananipima presha. Ananisindikiza kwa daktari."

"Daktari wa nini?"

Kinanda alitazama mafungu ya vitambaa kwenye rafu, akatazama futi mbili mezani. "Wa moyo, mama. Mlango mmoja wa moyo umesinyaa. Anasema ulianza kuharibika tangu utotoni, kidogo kidogo. Mimba ikikua damu inaongezeka, na mlango haupitishi. Vile vidonge ulivyovishika Jumatano ni vya kupunguza maji kwenye mapafu. Ulivirudisha vibaya, nilijua."

Mama Futi alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya marobota.

"Daktari amenipa njia mbili. Kuitoa sasa, kabla haijawa kubwa. Au kuibeba, nilazwe mimba ikifika mwezi wa sita, na haahidi kitu. Amesema hivyohivyo: siahidi. Mume wangu alilia kwenye simu. Akasema yeye hataki mtoto, anataka nisife." Alikuwa anaongea bila kuinua sauti, kama anayesoma matangazo ya kanisa. "Nimeshaamua. Nitaibeba."

"Hapana," Mama Futi alisema.

"Mama..."

"Itoe."

Neno lilitoka likiwa zima, halikukwama popote. Hata mwenyewe alilisikia kama limesemwa na mtu aliyesimama mlangoni. Akaangalia mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Itoe, mwanangu. Nakusihi. Nina wewe tu. Mungu ataelewa."

Kinanda aliinua macho. "Binti wa Fundi Viatu ulimwambia Mungu ataelewa?"

"Yeye hakuwa anakufa!"

"Ulimuuliza?"

Nje mtu alikuwa akipiga hodi kuulizia suruali yake. Mama Futi hakuitikia, na mteja akachoka akaenda zake.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza mwishowe. "Mimi mama yako. Unakwenda kumwambia Nesi, mimi unanificha bafuni."

"Ningekuambia ungesema ni mapenzi ya Mungu nizae. Siku hiyohiyo, ukiwa umeshika mkasi. Na mimi ningezaa kwa sababu nakuogopa, au ningekataa kwa kukukomoa. Sikutaka kufa kwa woga wa mama yangu. Nilitaka nikisema ndiyo, iwe ndiyo yangu mwenyewe, nimpelekee Mungu." Alishika gauni pale lilipoachia mgongoni. "Jumapili nilikuwa bado sijui nitasema nini. Ndiyo maana sikula mkate."

"Na kama utakufa?"

"Naogopa, mama. Usidhani siogopi."

Kinanda alikuwa na jambo jingine, ilionekana, na alikuwa analipima kama aliseme.

"Daktari aliniuliza kitu. Aliniuliza sindano za kila mwezi ziliachwa lini, na nani aliyeziacha. Ningekuwa nimeendelea kuchomwa, anasema, huenda mlango huu usingefika hapa."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sikumbuki."

Lakini alikuwa na miaka kumi na miwili sindano zilipoachwa. Alikumbuka, na Mama Futi alikumbuka. Ilikuwa kuona hospitali kwa mbali na mtoto kuanza kulia njiani, kumshika mabega kitandani huku muuguzi akitafuta pa kuchoma, kuchechemea siku mbili baadaye, na mwezi ujao tena. Ilikuwa maombi ya pamoja, mikono ya watu kichwani mwa mtoto, na faraja iliyoingia kifuani mwa mama aliyechoka. Mungu amesema, aliwaambia watu. Sasa, akiwa juu ya marobota ya bitana, alijaribu kuikumbuka sauti hiyo ya Mungu ilikuwaje, na sauti pekee aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe, ikisema basi, yatosha, mimi siwezi tena kumshika mtoto huyu akilia. Hiari ilikuwa yake. Aliifunga kwenye jina la Mungu akaipeleka kanisani, na kanisa likapiga makofi.

Jumamosi asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba cha Kinanda, amevaa, hana futi shingoni.

"Nimemwambia Katibu nina jina," alisema. "Watu wameshaanza kukubahatisha wewe. Nisiposema kitu, watamalizia wenyewe. Nikisema, itabidi niseme yote."

Kinanda alifikiri. "Sema yote. Wakijua ni afadhali kuliko wakidhani."

Baraza lilikaa kwenye chumba cha shule ya Jumapili, wazee saba kwenye viti vya watoto, magoti juu. Walipitia mambo ya paa, ya mapazia, ya sare. Kisha Mchungaji, mtu mzito wa maneno machache, akauliza kama kuna jina, na Katibu akasogeza daftari. Macho yote yalikuwa kwa Mama Futi. Aliyatambua macho yale. Ni ya kwake mwenyewe, ya miaka tisa.

"Jina ni langu," alisema, na akaeleza yote, kuanzia futi ya zamani mpaka sindano. Alipofika kwenye neno lile hakulizunguka. "Nikamwambia aitoe."

"Amekubali?" Mchungaji aliuliza.

"Amekataa."

"Basi hakuna lililotendeka," Katibu alisema, akiwa na dalili za kukatishwa tamaa.

"Nililitamani. Na hata sasa nimekaa hapa nalitamani. Nikirudi nyumbani akiniambia amebadili mawazo, nitamshukuru Mungu kwa magoti. Andika hivyo."

Mwalimu mmoja mstaafu akakohoa, akasema uhai ni mali ya Mungu na mwanadamu hana ruhusa ya kuugusa, hata machozi yakiwa mengi kiasi gani. Mama mmoja wa kwaya akasema la hasha, mama akiwa anazama, kumshika mkono si kumuua mtoto. Wakaanza kupandishiana sauti, kila mmoja akiwa na andiko lake.

"Wapo Wakristo wampendao Mungu upande huo na upande huu," Mchungaji alisema wakatulia. "Mimi nimezika wa pande zote mbili. Makaburini sikupata jibu la kuwaletea."

Ndipo Fundi Viatu, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha na hajafungua mdomo tangu wimbo wa kufungulia, akamgeukia Mama Futi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Uliniambia Mungu huruhusu asichokipenda. Nimekaa na jibu hilo miaka miwili. Kwa binti yako hapo, anapenda nini?"

"Sijui," Mama Futi alisema.

"Hata mimi sikuwa najua. Nilitaka tu mtu akae nami tusijue wote."

Baraza halikumwondoa mezani. Waliamua waombe, na waliomba. Lakini Mama Futi alipokuwa anatoka aliona jinsi yule mama wa kwaya alivyokwishaanza kuhesabu miezi kwa vidole chini ya meza, na akajua kwamba kuanzia kesho kanisa zima litakuwa linapima kiuno cha mwanawe kwa macho, nusu yao wakisubiri kikue, nusu wakisubiri kishuke. Hawakufundishwa na mtu mwingine ila yeye.

Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani. Alifumua gauni la buluu pande zote mbili, akaingiza kipande cha upana wa kidole kila ubavu, na ndani ya mshono akaacha akiba ya kitambaa kuliko alivyowahi kuacha kwenye nguo yoyote, ya kufumuliwa tena mwezi ujao, na mwezi utakaofuata. Futi ya zamani aliikata vipande vinne, akavitupa kwenye pipa la makapi.

Jumapili hakwenda kwenye kiti chake cha mbele. Alisimama pale mlangoni, akageukia benchi la nyuma. Binti wa Fundi Viatu alikuwa amekaa peke yake kwenye kona, amekonda, amefunga kitambaa kichwani. Alipomwona nani anayekuja alivuta mkoba wake, akauweka katikati yao.

"Umekuja kunichunguza?" alinong'ona.

"Nimekuja kukaa."

"Hapa si mahali pako."

"Ni pangu," Mama Futi alisema. "Nimechelewa tu kufika."

Msichana hakumwamini, na alikuwa na haki yake. Alikaa upande, bega limemwelekea, akimtazama kwa kona ya jicho kila alipojikuna au kukohoa. Sahani ya mkate ilipoletwa, mhudumu aliifikisha safu ya mbele yao, akasita, akamtazama Mama Futi, akageuka nayo. Wote wawili waliitazama ikiondoka.

Kisha kwaya ikasimama, ishirini na wawili, buluu tupu. Kinanda alikuwa safu ya pili. Gauni lilimkaa vizuri. Miaka yote Mama Futi alikuwa akimsikiliza mwanawe kwa kujivuna, akiitafuta sauti yake katikati ya zile nyingine. Leo hakuisikiliza sauti. Alisikiliza nafasi kati ya mstari na mstari, pale mwimbaji anapovuta pumzi. Ubeti wa kwanza pumzi ilikuja. Wa pili ilikuja, lakini fupi. Wa tatu ulipoanza Kinanda alifunga mdomo, akaacha mstari mzima uimbwe na wenzake, mkono wake ukapanda kifuani.

Mama Futi alishika ukingo wa benchi la mbele. Hakuomba azae, hakuomba asizae.

Binti wa Fundi Viatu alimwona. Alitazama kwaya, akamtazama tena yule mwanamke aliyeshikilia ubao kana kwamba sakafu inaondoka. Akauchukua mkoba wake kutoka katikati, akauweka chini miguuni.

Kule mbele Kinanda alifungua mdomo, akavuta pumzi. Mama Futi naye aliivuta, akaishikilia mpaka aliposikia sauti.